Mhariri, sheria za gofu zinaeleweka, tuwafundishe wanaoanza kabla hawajaitwa wezi

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa wote mnaotuandalia gazeti. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua manake kuna msomaji mwenzetu aliandika hapa kwamba gofu ni mchezo wa matajiri, umejaa sheria zisizoeleweka na ndo maana vijana wetu hawaupendi. Hilo la matajiri sibishani nae sana, vifaa ni ghali kweli na ada za klabu zingine zinamshinda mtu wa kawaida. Ila la sheria hapana. Mimi nimekulia uwanjani, nilianza kubeba mikoba ya wachezaji nikiwa kijana mdogo hapa hapa Dar, leo nawasaidia wanaoanza, na nakwambia sheria anazohitaji mtu kuanza kucheza unaweza kumwelewesha jioni moja mkiwa mmekaa na chai. Tatizo ni kwamba hakuna anaekaa nae.

Anaeanza gofu kwetu anafundishwa kushika fimbo, anafundishwa kusimama, anafundishwa kuzungusha mwili, anapiga mipira kwenye uwanja wa mazoezi mpaka viganja vinachubuka, halafu siku moja anaambiwa haya sasa njoo ucheze mashindano ya klabu Jumamosi. Sheria hajui hata moja. Anaingia uwanjani anasogeza mpira kidogo kwa mguu ukae vizuri, anavunja katawi kanakomzuia, mpira ukipotea anachukua mwingine mfukoni anaendelea, na akifika mwisho anaandika namba anayoikumbuka. Wenzake wanamwangalia. Hawamwambii kitu ila wakikaa baani jina lake linazunguka, yule kijana ni mwizi. Kumbe wala, hajui tu! Mhariri, nimeona vijana wenye mikono mizuri kabisa wakiacha mchezo kwa sababu hiyo moja, na inaniuma.

Inauma zaidi kwa sababu gofu haina refa. Mpira wa miguu mtu akishika kuna filimbi, huku mashindano ya kawaida ya wikiendi hakuna mtu anaekufuata na filimbi, mko wanne mnatembea porini kilomita kadhaa na refa wako ni wewe mwenyewe. Ukikosea unatakiwa ujitaje na ujipige penati. Mwaka 1925 kwenye mashindano ya US Open kule Worcester, Massachusetts, Marekani, bingwa wa zamani Bobby Jones alikuwa anajiandaa kupiga mpira ukiwa kwenye nyasi ndefu, ukasogea kidogo sana, hakuna mwingine alieuona ukisogea, na yeye akasema mpira umesogea akajiongezea mkwaju mmoja. Mwisho wa mashindano akalingana na Willie Macfarlane, wakacheza tena kutafuta mshindi na Jones akashindwa. Mkwaju ule mmoja ulimnyima kombe. Sasa mtu asiejua kwamba mpira ukisogea kwa sababu yako ni penati, atajipigaje penati? Ndo maana nasema kumfundisha mtu kupiga bila kumfundisha sheria ni kumpeleka uwanjani uchi.

Sheria za kwanza kabisa kuandikwa zilikuwa 13 tu, mwaka 1744 kule Leith, Scotland, waungwana wa pale walikuwa wanashindania fimbo ya fedha wakaona lazima wakubaliane. Leo kitabu kina sheria 25, kinasimamiwa na vyombo viwili vya gofu, R&A ya St Andrews pamoja na USGA ya Marekani, na mwaka 2019 walikifanyia marekebisho makubwa maana zamani zilikuwa 34 na lugha yake ilikuwa ngumu kweli. Lakini ukizichambua zote zinarudi kwenye mambo machache sana. Cheza mpira pale ulipolala. Cheza uwanja kama ulivyoukuta. Hesabu kila mkwaju. Na ukishindwa kufanya la kwanza au la pili, sheria itakwambia utokeje na kwa bei gani. Basi. Zingine ni maelezo ya hayo.

Tuanze na kuhesabu, manake watu wanadhani ni jambo la wazi. Uwanja kamili una mashimo 18, viwanja vingine vina 9 mnazunguka mara mbili. Kila shimo lina pa yake, yaani idadi ya mikwaju ambayo mchezaji mzuri sana anatarajiwa kutumia, kuna pa 3, pa 4 na pa 5. Ukipunguza mmoja wanaita badi, ukipunguza miwili igo, ukizidisha mmoja bogi. Sasa unaeanza hutapata badi leo, usijali, ila ukirusha fimbo kwa nia ya kupiga mpira ukaukosa kabisa, ule ni mkwaju, umehesabika. Hata kama mpira haukutikisika. Ila kama ulikuwa unafanya mazoezi tu ya kurusha fimbo hukuwa na nia ya kuupiga, huo hauhesabiki, na nia yako unaijua wewe, umeona tunarudi pale pale kwenye ukweli wa mtu.

Hapo hapo kuna kitu watu wanabishana kila wiki. Uko kwenye tii, yaani pale shimo linapoanzia, unarusha fimbo ya mazoezi kwa bahati mbaya ikagusa mpira ukadondoka. Wengine watakwambia "mmoja huo!" Siyo mmoja. Mpira haujaanza kuchezwa, urudishe juu ya kijiti chake upige, hakuna penati. Lakini ukifanya kosa hilo hilo ukiwa feawei, yaani njia ya nyasi zilizokatwa, au kwenye rafu, zile nyasi ndefu za pembeni, ni penati ya mkwaju mmoja na mpira unaurudisha pale ulipokuwa. Na ukiwa grini, pale penye nyasi fupi kabisa kuzunguka shimo, ukausogeza kwa bahati mbaya, hakuna penati, urudishe tu ulipokuwa, hii ya grini ni moja ya zile walizolegeza na nashukuru walifanya hivo. Kosa moja, sehemu tatu, majibu hayafanani. Ukishaelewa kwamba uwanja umegawanywa sehemu na kila sehemu ina utaratibu wake, nusu ya sheria umeshazimaliza.

Kabla hujapiga mkwaju wa kwanza angalia mkoba wako, mwisho ni fimbo 14. Kuwa nazo pungufu ruksa, nusu seti inamtosha kabisa anaeanza, ila zikizidi ni mikwaju miwili kwa kila shimo ulilocheza nazo na mwisho wake ni minne. Chora alama kwenye mpira wako kwa kalamu, nukta mbili au herufi ya jina lako, manake mipira inafanana na ukipiga mpira usio wako ni mikwaju miwili na bado unarudi kuucheza wa kwako. Pale kwenye tii weka mpira kati ya zile alama mbili au nyuma yake, nyuma yake mwisho urefu wa fimbo mbili, usiuweke mbele. Ukipiga kutoka nje ya hapo kwenye mashindano ya kuhesabu mikwaju unaongezewa miwili na unarudia.

Sasa mpira uliopotea. Hapa naomba Mhariri usinikate hata mstari, manake kama kuna sehemu ugomvi unaanzia ni hapa. Umepiga kutoka tii, mpira umeenda kulia vichakani, hujui kama utaonekana au la. Kabla hujaondoka pale sema kwa sauti wenzako wasikie, "napiga mpira wa akiba", halafu piga mwingine. Lazima useme. Ukikaa kimya ukapiga, ule wa pili ndo umekuwa mpira wako rasmi na penati juu, wa kwanza umeshakufa hata kama mkifika mbele mnaukuta umekaa katikati ya feawei unawaka. Ukishasema na kupiga, nendeni mkatafute wa kwanza, mna dakika tatu tangu mlipoanza kutafuta, zamani zilikuwa tano wakapunguza mwaka 2019 kwa sababu mchezo ulikuwa unachelewa mno. Ukipatikana ndani ya dakika tatu na uko ndani ya mipaka, wa akiba unaokota unaweka mfukoni, huchagui upi umekaa vizuri. Usipopatikana unaendelea na wa akiba, na hesabu yake ni hivi, mkwaju wa kwanza mmoja, penati mmoja, wa akiba mmoja, jumla mitatu, kwa hiyo unaofuata ni wa nne.

Kama hukupiga wa akiba na mpira haujaonekana, unarudi ulikotoka. Ndiyo, unatembea mita zote zile kurudi, wenzako wanakusubiri na wa nyuma wananuna, ndo maana nasisitiza mpira wa akiba. Wanaoanza wanafanya nini? Wanadondosha mwingine pale pale wanapodhani ulipotelea, wanaongeza mmoja, wanaendelea. Hiyo haipo kwenye sheria hata siku moja! Kuna klabu zinaweka sheria yao ya ndani, wanaruhusiwa na R&A kufanya hivo, kwamba unaweza kudondosha karibu na ulikopotelea au kusogea hadi ukingo wa feawei kwa penati ya mikwaju miwili badala ya kurudi nyuma, na kwa anaeanza ni msaada mkubwa, ila lazima iwe imebandikwa kwenye ubao au imeandikwa kwenye skoo kadi, ile kadi ya kuandikia mikwaju. Kwa hiyo kijana wangu, ukifika klabu yoyote soma ubao kwanza kabla hujasalimia watu.

Vigingi vyeupe ni mpaka wa uwanja. Mpira wote ukiwa nje ya mpaka, hesabu ni kama umepotea, unarudi na penati, na kigingi cheupe usikiong'oe hata kama kinakuzuia. Vigingi vyekundu na vya njano ni maeneo ya penati, mara nyingi mto, bwawa, mtaro, hata korongo kavu. Mpira ukiingia humo hujafa, kama unaonekana na unaweza kuupiga, upige bila penati yoyote na siku hizi unaruhusiwa hata kugusisha fimbo chini. Ukiona haifai unatoka kwa mkwaju mmoja wa penati. Unaweza kurudi ulikopigia, au kurudi nyuma kwa mstari ulionyooka kutoka shimoni kupitia pale mpira ulipovukia, mbali unavyotaka. Vigingi vyekundu vinakupa na njia ya tatu, kudondosha ndani ya urefu wa fimbo mbili kutoka pale mpira ulipovukia ukingo, bila kusogelea shimo. Pale ulipovukia, siyo pale ulipozama, hapo napo watu wanajisahaulisha. Na kudondosha ni kwa usawa wa goti. Vijana wanaotazama Kenya Open pale kwa jirani, mashindano ya tangu 1967 na sasa yamo kwenye mfululizo wa mashindano ya Ulaya, wanawaona wale mabwana wameinama wanaachia mpira gotini wanadhani ni mbwembwe, hapana, zamani ilikuwa bega na tangu 2019 ni goti.

Na kama mpira uko chini ya mwiba au umebanwa na mizizi, unaruhusiwa kusema huu hauchezeki, wewe peke yako ndo unaamua, huombi ruhusa ya mtu. Mkwaju mmoja wa penati unatoka. Maeneo ya penati tu ndo huwezi kutumia njia hiyo.

Kuna raha nayo, siyo kila kitu ni penati. Sisi huku masika uwanja unajaa madimbwi, mpira ukikaa kwenye maji ya mvua au ukisimama kuupiga miguu yako inazama, unahama bure. Njia ya saruji ya kupita vigari, bomba la kumwagilia, shimo lililochimbwa na mnyama, sehemu iliyozungushiwa alama kwamba inatengenezwa, zote unahama bure. Unatafuta sehemu ya karibu kabisa ambayo kile kizuizi hakikusumbui tena, isiwe karibu zaidi na shimo la bendera, unadondosha ndani ya urefu wa fimbo moja kuanzia hapo. Sehemu ya karibu, siyo sehemu nzuri! Wakati mwingine ya karibu ni vichakani, na ukiona hivo una haki ya kuuacha mpira ulipo na kuupiga juu ya saruji. Mpira ukijizika kwenye tope, ndani ya shimo ulilolitoboa wenyewe wakati unadondoka, unauchomoa bure pia.

Kunguru wetu wa Dar anapenda mipira myeupe, viwanja vya kaskazini tumbili nao wana tabia hiyo. Mpira ulikuwa umeshatulia, kunguru akaubeba na mmemuona au mna hakika ni yeye, hakuna penati, weka mwingine pale ulipokuwa. Na ukikuta mpira umelala pembeni ya nyoka wa sumu au mzinga wa nyuki, sheria haikulazimishi kuwa shujaa, inakuruhusu uhame bure ukacheze sehemu salama. Nimesikia watu wakiambiana "cheza mpira ulipolala" mbele ya nyuki, jamani, msimuue mtu kwa kutokujua.

Majani makavu, mawe, vijiti vilivyoanguka, ondoa popote, hata ndani ya bunka, lile shimo la mchanga, siku hizi, ila angalia mpira usisogee, ukisogea nje ya grini ni mkwaju mmoja na unaurudisha. Kinachoota usikiguse. Kuvunja tawi, kukanyagia nyasi nyuma ya mpira, kupinda mche ukapitishe fimbo, ni mikwaju miwili. Hili ndo kosa namba moja la wanaoanza na wanalifanya mchana kweupe mbele ya kila mtu kwa sababu hawajui, na ndo hapo jina la mwizi linapozaliwa.

Bunka ni mchanga. Ukiwa ndani usiguse mchanga na fimbo nyuma au mbele ya mpira, usiguse ukifanya mazoezi ya kurusha, usiguse wakati unairudisha fimbo nyuma kupiga. Kosa lake ni mikwaju miwili na halichagui mkubwa na mdogo. Mwaka 2010 kwenye PGA Championship pale Whistling Straits, Dustin Johnson amefika shimo la 18 siku ya mwisho anaongoza, mpira wake ukakaa kwenye kimchanga ambacho watazamaji wamekikanyaga kanyaga mpaka hakifanani na bunka, akaweka fimbo chini. Waandaaji walikuwa wameshatoa tangazo kwamba kila mchanga pale ni bunka. Mikwaju miwili, akakosa hata nafasi ya kurudiana, kombe akabeba Martin Kaymer. Mchezaji wa kiwango cha dunia hakusoma tangazo lililobandikwa chumba cha kubadilishia nguo! Ukitoka bunka chukua reki ulisawazishe, anaekuja nyuma yako hastahili kucheza kwenye nyayo zako.

Halafu hii hapa watu hawaiamini mpaka niwaoneshe kwenye kitabu. Kwenye mashindano huruhusiwi kumuuliza mwenzako unaeshindana nae "umepiga na namba ngapi hiyo?" Hapo unauliza fimbo, na huo ni ushauri, mikwaju miwili, na yeye akikujibu nae anapata miwili. Kedi wako, yaani anaekubebea mkoba, muulize lolote. Umbali, bendera iko wapi, sheria inasemaje, hayo unaweza kumuuliza yeyote maana ni taarifa za wote. Kwetu tumelelewa kuulizana na kusaidiana, mgeni anauliza kwa heshima kabisa "kaka, hapa nitumie aironi gani?" na kaka anajibu kwa upendo, wote wameshapigwa penati. Kama mnacheza kirafiki ulizaneni mpaka mchoke, mashindano ndo kimya.

Grini nako kuna yake. Weka alama nyuma ya mpira, sarafu inatosha, ndo uuinue na kuufuta. Ukiinua bila alama ni mkwaju mmoja. Kale kashimo mpira unakotengeneza ukitua karekebishe, kako na ka mwingine ukikaona. Usikanyage mstari wa mpira wa mwenzako kuelekea shimoni. Bendera siku hizi unaweza kuiacha ndani wakati unapati, yaani unausukuma mpira kuelekea shimoni, kabla ya 2019 mpira uliopigwa kutoka grini ukiigonga ilikuwa penati, na wazee wengine bado wanawazuia vijana kwa sheria iliyokwisha kufutwa. Ila mipira miwili ikiwa yote grini na wako ukagonga wa mwenzako, kwenye kuhesabu mikwaju unaongezewa miwili, kwa hiyo mwombe auinue wa kwake.

Usalama siyo wa kujadili. Mpira una gramu karibu 46 na unaruka kwa kasi ya kumtoa mtu jicho. Ukiona unaelekea kwa watu piga kelele "foo!" kwa nguvu zako zote hata kama hujui utawafikia, na usipige kama wa mbele bado wako ndani ya umbali wako, na wafanyakazi wanaokata nyasi nao ni watu, subiri wakuone. Mwendo nao, ukifika zamu yako sheria inapendekeza usizidi sekunde 40, na kwenye kuhesabu mikwaju alie tayari apige, siyo lazima msubiriane nani yuko mbali.

Skoo kadi inamalizia kila kitu. Unaandika namba za mwenzako, yeye anaandika zako, mwisho mnakaa mnalinganisha shimo kwa shimo ndo unasaini. Mwaka 1968 kwenye mashindano ya Masters kule Marekani, tarehe 14 Aprili, Roberto De Vicenzo wa Argentina alipiga mikwaju 3 shimo la 17, siku yenyewe ni birthday yake ya miaka 45, Tommy Aaron aliekuwa anamwandikia akaandika 4, na Roberto akasaini bila kuangalia vizuri. Ukisaini namba kubwa kuliko uliyopiga, kubwa inabaki. Alipiga 65 ikasomeka 66, Bob Goalby akachukua kombe kwa tofauti ya mkwaju mmoja, hata kurudiana hakukuwepo. Ukisaini ndogo kuliko uliyopiga unaondolewa kabisa. Kwa hiyo mwanzaji asione aibu kukaa na kadi yake taratibu akihesabu kwa vidole, huo ndo mchezo wenyewe.

Na gazeti mkituandikia matokeo mtusaidie jambo moja, mnaandika fulani kashinda kwa mikwaju ya neti 70 na fulani kapiga 74 jumla ni wa tatu, msomaji anabaki kashangaa aliepiga kidogo kashindwaje au kashindaje. Mwelezeni kwamba kuna handikapu, yaani mikwaju anayopunguziwa mchezaji kulingana na kiwango chake, na neti ni mikwaju inayobaki ukishaitoa hiyo. Anaeanza anapeleka kadi zake za mashimo 54, anapewa kiwango, cha juu kabisa ni 54, na baadae kinahesabiwa kwa raundi zake 8 bora kati ya 20 za karibuni. Mwenye handikapu 24 akipiga 96, neti yake ni 72, analingana na fundi wa handikapu sifuri aliepiga 72. Mchezo gani mwingine mama alieanza mwaka jana anaingia uwanja mmoja, siku moja, na mtu wa timu ya taifa na anaweza kumshinda kihalali? Tuna akina Madina Iddi na Angel Eaton waliobeba jina la nchi nje, mabinti wakiwasoma kwenye gazeti na wakaelewa namba zile zina maana gani, watauliza klabu iko wapi.

Ombi langu kwa klabu, kuanzia Gymkhana mpaka Lugalo na za mikoani, mtu asipewe nafasi kwenye mashindano kabla hajakalishwa jioni moja akafundishwa haya kwa Kiswahili, na anaefaa kufundisha mnae tayari, ni kedi. Kedi anazijua sheria kuliko wengi wanaomlipa, anaziona kila siku zikivunjwa, lakini kwa kuwa kabeba mkoba wa mtu hawezi kufungua mdomo. Mlipeni kwa kazi hiyo kama mnavyomlipa mwalimu wa kupiga. Chama cha Gofu Tanzania nacho kitoe kijitabu chembamba cha Kiswahili, kurasa chache tu, cha kuingia mfukoni. R&A wana app ya sheria ya bure kwenye simu na wanaojua Kiingereza waitumie, ila watoto wengi wanaookota mipira kwenye hivi viwanja hawajafika huko, na ndo wenye vipaji.

Na ombi kwako Mhariri ni kipande kidogo tu kwenye ukurasa wa michezo, kila Ijumaa kabla ya mashindano ya wikiendi, sheria moja kwa lugha yetu na mfano wa viwanja vyetu. Mkikubali, anzeni na mpira wa akiba.

Wako katika michezo,
Kedi wa zamani,
Dar es Salaam